Redio Hufika Wapi Siku ya Maafa

Redio mbili za mkononi za aina moja, betri zimejaa, zimewekwa kwenye masafa yaleyale, huweza kushindwa kusikilizana katikati ya maghorofa ya Kariakoo zikiwa zimeachana kilomita mbili tu. Redio hizohizo, moja ikipandishwa kwenye ukingo wa milima ya Usambara na nyingine ikabaki uwandani upande wa Mkomazi, husikilizana bila shida hata kwa kilomita 60. Kwenye boksi kiwanda kimeandika namba moja, labda kilomita 10, labda 50, na namba hiyo haimsaidii mtumiaji wa Kariakoo wala wa Usambara. Umbali wa mawasiliano ya redio hautoki ndani ya redio peke yake. Huamuliwa na kimo cha antena, masafa yanayotumika, saa ya siku, na kilichosimama katikati ya wanaozungumza. Yote hayo yanaweza kujulikana na kupangwa kabla ya mafuriko au kimbunga kufika, na ndiyo sababu mawasiliano ya dharura ni kazi ya siku za utulivu.

Redio koli nyingi za polisi, walinzi, madereva wa watalii na vikosi vya uokoaji hutumia VHF, yaani masafa ya megahazi 30 hadi 300, au UHF, ambayo ni megahazi 300 hadi 3,000. Mawimbi ya masafa hayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hewa ya karibu na ardhi huyainamisha kidogo, lakini dunia inapoendelea kujipinda, mawimbi huipita juu kwa juu na kupotelea angani. Kwa hiyo mpaka wa kwanza wa redio koli ni upeo wake, na upeo huo unapigiwa hesabu kwa urahisi: tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita. Mtu aliyesimama uwandani na redio ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini ana upeo wa kilomita 5. Akiongea na mwenzake aliyesimama vivyo hivyo, peo mbili huungana, na umbali wao wa juu kabisa ni kilomita 10. Hapo hakuna jengo, kilima wala msitu katikati.

Hesabu hiyo ina maana kubwa baharini. Antena iliyofungwa juu ya jengo la Dar es Salaam kwenye kimo cha mita 100 ina upeo wa kilomita 41. Boti ya abiria yenye antena mita 9 juu ya maji ina upeo wa kilomita 12. Jumla ni 53, ilhali safari ya kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Malindi, Unguja, ni zaidi ya kilomita 70. Maana yake ni kwamba sehemu ya mwisho ya safari hulindwa na kituo cha Unguja, na vituo viwili visipofanya kazi kwa pamoja hubaki kipande cha bahari ambacho sauti ya nahodha haimfikii mtu wa nchi kavu. Mvuvi aliye ndani ya ngalawa na redio yake mkononi atasikiwa na kituo kile cha Dar es Salaam akiwa umbali wa kilomita 46, ikiwa mawimbi ya bahari hayajamficha. Ngalawa nyingine iliyo umbali wa kilomita 15 haitamsikia kabisa.

Ziwa Victoria linatoa mfano mgumu zaidi. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 69,000, na upana wake unazidi kilomita 200. Mnara wa mita 60 uliosimama ufukweni usawa wa maji unamfikia mvuvi wa mtumbwi kwa kilomita 37 hivi, kisha basi. Simu za mkononi hazina nafuu, maana nazo hutegemea mawimbi ya mstari ulionyooka, na mtandao wa GSM kwa mpangilio wake wa kawaida una kikomo cha kilomita 35 kutoka kwenye mnara hata kama hakuna kizuizi chochote. Mtu anayevua kwenye maji ya kati hawezi kulindwa na minara ya Mwanza, Kisumu au Entebbe peke yake. Kinachomfikia ni mitambo iliyowekwa juu ya vilima na visiwani: Ukerewe, Ukara, Ssese. Katika ziwa ambalo dhoruba ya usiku huzuka ghafla na mitumbwi ni mingi, mahali pa kusimamisha mnara mmoja wa ziada ni suala la uhai wa watu.

Wengi hudhani dawa ya umbali ni kuongeza wati. Nguvu inasaidia, lakini kidogo kuliko inavyodhaniwa. Katika eneo lililo wazi, kuongeza umbali mara mbili kunahitaji nguvu mara nne, na mawimbi yakishafika kwenye upeo au kwenye mlima, wati 50 hukwama palepale zilipokwama wati 5. Kimo ndicho kinacholipa. Mwokoaji aliyeshuka ufukweni na redio ya wati 5 akapanda kilima cha mita 40 hutoka kwenye upeo wa kilomita 5 hadi 26 bila kutumia senti. Antena ndefu ya waya au ya fimbo iliyofungwa juu ya mlingoti hushinda ile fupi ya mpira inayokuja na redio. Mjini UHF huwa bora, kwa sababu mawimbi yake mafupi hupenya kwenye madirisha na korido za majengo. Msituni na kwenye mabonde VHF hustahimili zaidi. Aliyenunua redio kwa kufuata bei tu huenda akawa amenunua ile isiyofaa mahali anapoishi.

Njia ya kawaida ya kuvuka upeo ni ripita: mtambo unaowekwa mlimani, ukasikiliza kwenye masafa mamoja na kuyarusha upya yale uliyoyasikia kwenye masafa mengine. Kwa ripita moja iliyokaa vizuri, redio za mkononi zilizotawanyika katika mkoa mzima huzungumza kana kwamba ziko uwanja mmoja. Hifadhi za wanyama, makampuni ya utalii, mashamba makubwa na polisi wote huzitegemea. Hata hivyo ripita ni mtambo mmoja wenye umeme mmoja na mlingoti mmoja. Radi ikiupiga, upepo ukiuangusha, au betri zake zikiibiwa, mkoa mzima hunyamaza kwa mpigo, na watumiaji waliozoea kubonyeza na kujibiwa hawajui kwamba wangeweza kuhamia kwenye masafa ya moja kwa moja na kusaidiana na majirani walio ndani ya kilomita chache. Kikosi chochote kinachotegemea ripita kinapaswa kufanya mazoezi ripita ikiwa imezimwa.

Kisiwa cha Puerto Rico kililijua hilo tarehe 20 Septemba 2017, kimbunga Maria kilipotua alfajiri kikiwa cha daraja la nne. Kisiwa hicho kina urefu wa kilomita 180 hivi na upana wa 65, na katikati kimegawanywa na safu ya milima inayopanda hadi mita 1,338. Siku iliyofuata, asilimia 95 ya vituo vya simu za mkononi vilikuwa havifanyi kazi. Umeme ulikuwa umekatika kisiwa kizima. Miji ya upande wa kusini haikuweza kuwasiliana na San Juan iliyo kaskazini, na mamilioni ya jamaa waliokuwa Marekani bara hawakujua kama ndugu zao wako hai. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kikaomba msaada kwa ARRL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa nchi hiyo, nacho kikapeleka wanaredio 22 wa kujitolea wakiwa na mitambo, antena za waya na jenereta. Sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kupokea majina ya walionusurika na kuyapeleka bara yakaingizwa kwenye orodha ambayo familia zingeweza kuitafuta.

Mitambo waliyobeba haikutegemea upeo wala ripita. Ilikuwa ya HF, yaani mawimbi mafupi ya megahazi 3 hadi 30, na hapa umbali wa redio hufuata sheria nyingine kabisa. Kuanzia kilomita 60 hivi juu ya ardhi hadi mamia ya kilomita, miali ya jua hugonga hewa nyembamba na kuibandua elektroni. Eneo hilo huitwa ionosfia. Mawimbi ya VHF hulipenya na kwenda zake, lakini yale ya HF hupindwa na kurudishwa duniani. Guglielmo Marconi aliinufaisha dunia na jambo hilo kabla halijaeleweka: tarehe 12 Desemba 1901 alipokea St. John's, Newfoundland, ishara iliyorushwa kutoka Poldhu, Cornwall, umbali wa takriban kilomita 3,500, ingawa mviringo wa dunia ulikuwa katikati. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini hadi Edward Appleton alipothibitisha kwa majaribio, mwaka 1924, kwamba tabaka la kurudisha mawimbi lipo kweli.

HF ina mtego wake, na umewanasa wengi waliodhani kwamba redio inayofika mbali haiwezi kushindwa karibu. Mawimbi yanayorushwa kwa pembe ya chini hurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbele. Yale yanayotambaa juu ya ardhi hufa baada ya makumi machache ya kilomita. Kati ya mwisho wa haya na mwanzo wa yale kuna ukanda wa kimya. Kituo cha Dar es Salaam huweza kusikika Cairo na kisisikike Morogoro, na katika maafa mtu anayehitajiwa sana ni yule wa Morogoro: mkuu wa wilaya, hospitali ya rufaa, ghala la chakula lililo kilomita 150.

Ukanda huo huzibwa kwa kurusha mawimbi wima. Waya wa antena hutundikwa chini, mita 3 hadi 6 tu kutoka ardhini, na masafa huchaguliwa ya chini kiasi cha ionosfia kuyarudisha hata yakiipiga moja kwa moja. Mawimbi hupanda, kisha hushuka pande zote, kama maji ya mpira yaliyoelekezwa darini yakanyeshea chumba kizima. Hakuna mlima unaoyazuia kwa sababu hayapiti ubavuni mwa mlima, yanatoka juu. Duara linalofikiwa lina nusu kipenyo cha kilomita 300 au 400, ambalo linatosha kuifunika Rwanda na Burundi zote mbili, au kuuunganisha mkoa wowote wa Tanzania na majirani zake wote. Kwa wilaya za milimani kama Rungwe, Lushoto au Hanang, ambako bonde moja halionani na jingine, hakuna njia ya redio ya bei hiyo inayoikaribia.

Saa ya siku ndiyo inayochagua masafa. Mchana jua huimarisha ionosfia, lakini pia hujenga tabaka la chini ambalo hunyonya mawimbi ya megahazi chache. Kwa mawasiliano ya ndani ya nchi, mchana hufaa masafa ya megahazi 5 hadi 8, na usiku hushuka hadi 3 au 4. Kwa umbali mrefu wa kuvuka nchi, mchana hupanda hadi 14 au zaidi. Mtandao wa kujitolea wa Marekani unaofuatilia vimbunga vya Atlantiki, ulioanza mwaka 1965, hufuata mpango huo hadi leo: mchana hukutana kwenye megahazi 14.325, na usiku kwenye 7.268. Wanaredio wa visiwa vya Karibiani wanajua namba hizo mbili kabla upepo haujaanza. Katika nchi za joto kuna ugumu wa ziada, kwa sababu radi za masika hujaza masafa ya chini mikwaruzo inayomeza sauti dhaifu, hasa jioni na usiku. Anayepanga ratiba ya mawasiliano Afrika Mashariki anapaswa kuweka muda wa asubuhi, kabla ya mawingu ya mvua kujikusanya.

Jua lenyewe nalo huweza kuzima kila kitu. Tarehe 6 Septemba 2017, kimbunga Irma kikiwa kinavipiga visiwa vya Karibiani, mlipuko mkubwa wa jua wa daraja la X9.3 uliangaza upande wa dunia uliokuwa mchana, na mawasiliano ya HF yakapotea kwa saa kadhaa. Wasimamizi wa dharura waliokuwa wakitegemea mawimbi mafupi walilazimika kusubiri. Tukio la aina hiyo ni nadra na hupita lenyewe, lakini ni sababu tosha ya kutobaki na njia moja tu.

Sababu ya kuhangaika na haya yote ni kwamba simu ya mkononi, pamoja na neema zake, imejengwa juu ya mnyororo mrefu. Mnara unahitaji umeme wa gridi. Gridi ikikatika, betri hudumu saa chache. Kisha jenereta, na jenereta inahitaji dizeli, na dizeli inahitaji barabara ambayo huenda imesombwa na maji. Mnara ukibaki umesimama na umeme upo, bado lazima uunganishwe na mitambo mikuu kwa mkongo au kwa antena ya mnara mwingine. Kiungo hicho kikikatika, majirani wawili walio chini ya mnara mmoja hushindwa kupigiana. Na hata mnyororo wote ukiwa salama, saa ya kwanza ya maafa kila mtu hupiga kwa wakati mmoja na mtandao husongamana. Usiku wa 14 Machi 2019 kimbunga Idai kilipoingia Beira, Msumbiji, jiji la zaidi ya watu nusu milioni lilipoteza umeme, barabara na mawasiliano kwa pamoja, na kwa siku za mwanzo dunia haikujua ukubwa wa janga. Watu zaidi ya 1,000 walifariki Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, jirani kabisa na Mtwara. Mei 2024 Hidaya kilifika kwenye pwani ya Tanzania yenyewe na kuigusa Mafia. Siku chache baada yake, tarehe 12 Mei, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Chanzo hakikuwa upepo wala mvua, ila hitilafu tu chini ya bahari.

Mfano unaostahili kukumbukwa zaidi uko kwenye Bahari ya Hindi hiihii. Desemba 2004 kundi la wanaredio wa ridhaa kutoka India, likiongozwa na Bharathi Prasad, lilikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman, baada ya kupata kibali cha kuwasiliana kwa redio ya ridhaa kutoka eneo ambalo kwa miaka mingi halikuruhusiwa. Asubuhi ya tarehe 26 tetemeko likatikisa hoteli yao, kisha tsunami ikafuata. Simu zilikatika. Kwa mitambo waliyokuwa wameileta kwa ajili ya shughuli yao ya hiari, walianza kupeleka na kupokea ujumbe na India bara, zaidi ya kilomita 1,200 ng'ambo ya bahari: watalii waliokwama, ndugu waliotafutana, mahitaji ya serikali ya visiwa. Hawakupelekwa kwa ajili ya maafa. Walikuwa wamekwishatundika antena zao, wanajua masafa ya kila saa, na bara kulikuwa na wenzao wanaosikiliza.

Hilo la mwisho, la kuwapo msikilizaji, ndilo hupuuzwa zaidi. Usiku wa 14 kuamkia 15 Aprili 1912 meli ya Titanic ilikuwa na redio yenye kufika mamia ya kilomita. Meli ya Californian ilikuwa karibu kuliko zote, lakini mwendesha redio wake alikuwa amekwenda kulala. Iliyosikia na kwenda kuokoa ni Carpathia, iliyokuwa umbali wa zaidi ya kilomita 100, na ilipofika Titanic ilikuwa imezama tangu saa nane na dakika 20 usiku. Iliokoa watu zaidi ya 700. Wengine karibu 1,500 walipotea. Kutokana na msiba huo, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1914 uliweka sharti la kusikiliza redio saa 24 kwenye meli. Leo chaneli 16 ya VHF, megahazi 156.8, husikilizwa na meli na vituo vya nchi kavu duniani kote, na katika ukanda huu kituo cha uratibu wa uokoaji cha Mombasa kilichofunguliwa mwaka 2006, pamoja na kile cha Dar es Salaam, vina wajibu huo. Redio ndogo ya baharini ya VHF inayoelea na isiyoingia maji ndiyo kifaa ambacho kila chombo cha abiria na kila mashua ya uvuvi wa kina inapaswa kuwa nacho. Simu ndani ya mfuko wa plastiki haitoshi.

Redio koli pia ina faida ambayo simu haina hata ikifanya kazi vizuri: sauti moja husikiwa na wote kwa wakati mmoja. Daktari anaposema daraja limekatika, dereva wa gari la wagonjwa, polisi na mwenyekiti wa kijiji wote wameshajua. Hakuna wa kupigiwa tena. Simu ya setilaiti hushinda upeo na mlima kwa sababu hutazama juu moja kwa moja, na siku hizi vikosi vya misaada huingia na vifaa vya intaneti ya setilaiti mapema. Ni vizuri viwepo. Lakini dakika zake hulipiwa, na huunganisha watu wawili wawili badala ya kundi.

Kwa mwananchi asiye na redio koli, redio ya kawaida ya betri bado ndiyo sikio la uhakika. Stesheni ya FM hufuata upeo kama VHF yoyote, kwa hiyo redio za jamii kama za Pangani, Sengerema au Micheweni kule Pemba hufunika wilaya zao na pembezoni kidogo, na ndiyo nguvu yake: hutaja kijiji kwa jina, kivuko kwa jina, na saa ya maji kupanda. Mawimbi ya kati hufika mbali zaidi, hasa usiku. Goma, mashariki mwa Kongo, ilionyesha umuhimu wa matangazo hayo Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 na, siku tano baadaye, sehemu ya jiji ikaamriwa kuhama. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa njiani kuelekea Sake na Gisenyi, na katika hali ya namna hiyo redio zinazozungumza Kiswahili, ikiwemo Radio Okapi iliyoanzishwa mwaka 2002, humfikia mtu aliye barabarani bila yeye kuhitaji chaji ya simu wala bando.

Afrika Mashariki haianzi na mikono mitupu. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa ndege wa AMREF waliunganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali na uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa mtandao wa HF. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kuita. Muuguzi alieleza hali ya mgonjwa, daktari akashauri, na ikibidi ndege ikaja. Ofisi za wakuu wa wilaya, hifadhi za taifa, makambi ya wakimbizi ya Kigoma na Ngara, vituo vya polisi vya mbali, vyote vilikuwa na simu ya upepo. Simu za mkononi zilipoenea, mitambo hiyo ilififia sehemu nyingi: betri hazikubadilishwa, waya za antena zilianguka, waliojua kuitumia walistaafu na hawakurithisha. Hasara iliyopatikana ni ya ujuzi zaidi kuliko ya vyuma. Kuchagua masafa ya mchana na ya usiku, kusema polepole, kutaja anayeitwa kabla ya anayeita, kuuliza "unanipata?" na kunyamaza kusubiri jibu, kuandika ujumbe kabla ya kubonyeza: hayo hayafunzwi mafuriko yakiwa mlangoni.

Wanaredio wa ridhaa wangeweza kuwa hazina ya ujuzi huo. Tanzania ina alama yake ya wito inayoanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, na leseni hutolewa na mamlaka za mawasiliano za kila nchi. Idadi ya wenyeji walio nazo ni ndogo mno ikilinganishwa na India au Japani. Oman, yenye udugu wa damu na pwani hii, ilianzisha chama chake cha kifalme mwaka 1972, na marehemu Sultan Qaboos bin Said mwenyewe alikuwa mwanaredio mwenye alama ya A41AA. Vyuo vya ufundi na shule za sekondari za Afrika Mashariki zingeweza kuwa na vilabu vya redio kama zilivyo na vilabu vya mazingira. Sheria za kimataifa haziwafungi mikono watu walio hatarini: Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, haziuzuii mtambo ulio katika dhiki kutumia njia yoyote iliyopo kujitangaza. Na Mkataba wa Tampere wa mwaka 1998, ulioanza kutumika Januari 2005, ulikusudiwa kuondoa vikwazo vya forodha na vibali kwa vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini wakati wa janga.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia mkoa hadi wilaya, kata na kijiji. Kamati hizo hazihitaji mradi mkubwa ili kuanza. Redio moja ya HF ya wati 100, waya wa mita 20 uliofungwa kati ya miembe miwili kwa ajili ya megahazi 7, betri ya gari na paneli ya sola ya kuichaji, pamoja na watu wawili waliofundishwa na wenye leseni, vinaiunganisha wilaya na mkoa wake hata kama minara yote imezimika. Kinachobaki ni kupanga saa ya kuitana kila wiki na kuitimiza, ili sauti zijuane na hitilafu ionekane mapema. Wakuu wa wilaya na wenyeviti wa kamati hizo wafungue stoo, wakague kilichobaki cha mitambo ya zamani, na wafanye wito wa kwanza kabla ya mvua za masika yajayo.